Nusu Hatua Kando ya Kipaza Sauti

Mpendwa mshauri, niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu; mara ya mwisho nilikuandikia mke wangu angali hai, nikilalamika kwamba hunisahihisha mbele ya wageni, nawe ukanijibu kwamba mwenye wa kumsahihisha hana shida. Leo naomba msaada kwelikweli.

Zamani mimi na yeye tuliingiza sauti za Kiswahili katika ile katuni ya Kijapani ya jitu la chuma, refu kuliko ghorofa, linaloendeshwa na rubani aliyeketi kifuani mwake. Mimi nilikuwa rubani, yeye mwanamke wa kituoni, na kila mwisho wa kipindi, jitu likiwa limechakazwa na vita, yeye alisema, "Rubani, mlango uko wazi," nami nikajibu, "Ninaingia," ndipo watoto wakakubali kwenda kulala. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, hivyo kila nilipomaliza maneno yangu nilisogea nusu hatua kando nimpishe, naye akimaliza alinipisha mimi, tukawa kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja bila michi kugongana.

Sasa katuni hiyo imetengenezwa upya kwa kompyuta, jitu linang'aa, kila parafujo yake inaonekana, hata vumbi linatimka linapokanyaga, na studio ikanitafuta nimwigize rubani yule yule, ambaye siku hizi ni mzee anayefundisha vijana. Nilifurahi, sikufichi, maana tangu mazishi siku hupita bila mtu kuniuliza hata chumvi iko wapi, nami hukaa nikiisahihisha redio sarufi, nayo hainijibu. Lakini sasa kila mwigizaji hurekodi peke yake katika chumba cha kioo, mwenzake akisikika masikioni tu, na kila nilipomaliza sentensi fundi wa sauti alinisimamisha, akaniuliza, "Mzee, mbona unahama? Sauti inapotea." Kumbe nilikuwa nikimpisha marehemu. Nikajikaza, nikasimama kama nguzo, mpaka tukafika mwisho, sauti ya mwigizaji mpya, msichana nisiyemjua, ikaniambia mlango uko wazi, nami sikusema, "Ninaingia." Nikasingizia kikohozi, nikaondoka.

Binti yangu, aishiye mbali, amenisihi kwa simu niache, nisijitoneshe kidonda. Studio inataka jibu kabla ya wiki kwisha, la sivyo itatafuta rubani mwingine. Na yule msichana ameomba tuonane, nami nimekataa, nikihofia kumchukia bure. Nikiacha, narudi kwenye redio yangu. Nikikubali, nitakuwa nimemjibu mwingine kwa neno lililokuwa letu sisi wawili. Nitakuandikia nikishaamua.

Rubani

MSHAURI ANAJIBU

Rubani, pole sana kwa msiba, na ni aibu kwako kunificha muda wote huu.

Binti yako anakupenda, lakini amekosea. Kidonda kisichooshwa huoza. Wewe umekosea zaidi. Neno unaloliita lenu mlilitamka mbele ya watoto wa nchi nzima, na wanangu hawakuwa wakilala bila kulisikia. Usiwe bahili wa kitu ulichokwisha kukigawa.

Huko kuhama kwako fundi ameona ni kosa. Mimi naona ni adabu, na adabu inahitaji mtu wa kufanyiwa. Basi kesho asubuhi nenda studio, uwaambie utaifanya kazi, lakini sehemu ya mwisho mrekodi wewe na msichana yule mkiwa chumba kimoja, kipaza sauti kimoja. Watanung'unika kuhusu utaratibu wao. Nawe nung'unika, kwa sarufi safi kuliko yao, mpaka wachoke. Wakikataa kabisa, rekodi peke yako hivyo hivyo, na usogee. Fundi apandishe sauti, ndiyo kazi yake.

Ila kwanza kutana na msichana. Usimfundishe kumwiga mkeo, mwache aseme kwa sauti yake. Huenda ukamchukia siku ya kwanza. Mchukie ana kwa ana, mkinywa chai. Hilo ni afadhali kuliko kumchukia ukiwa peke yako na redio.

Sikudanganyi, ukirudi nyumbani utaikuta kimya vile vile. Jioni hiyo mpigie binti yako, umweleze kazi ilivyokwenda, naye akusahihishe akitaka.

Umeahidi kuniandikia ukishaamua. Usifanye hivyo, kuamua ni rahisi kwa aliyekaa kitini. Niandikie ukishasema, "Ninaingia."