Posa Imekwama kwa Sababu ya Mate ya Mbwa

Dada Hildegarda mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie haraka, na jina langu usilifiche maana Kilosa nzima wameshajua, mimi ni Verdiana wa Magomeni, mchumba ninaye, anaitwa Deogratias, kwao ni Mikumi, posa imeshapokelewa na kilichobaki ni kikao cha mahari tu, sasa kikao kimesimama, na kimesimama kwa ajili ya mbwa, tena si mbwa wa mtu mwingine, ni wangu.

Mbwa wangu anaitwa Kahawa, ni jike wa aina ile ya mbwa wa polisi, aliniachia bosi wangu wa zamani, mama mtafiti wa wanyama niliyekuwa nampikia kule Mikumi, na baba yake Deogratias, Mzee Wenceslaus, naye ana dume wa aina hiyo hiyo, Jemedari, anayefukuza nyani shambani mpaka watu wa kijiji cha Lumuma wanaulizia watoto wake, kwa hiyo tukakubaliana kwa vicheko kwamba Kahawa akiingia joto tu atapelekwa kwa Jemedari, familia ziungane na mbwa nao waungane.

Basi, daktari wa mifugo alipokuja kutoa chanjo ya kichaa cha mbwa akaniambia, Verdiana, mbwa wa aina hii kabla hujawazalisha wapime vinasaba, kuna ugonjwa wa uti wa mgongo wa kurithi, mbwa akishakuwa mtu mzima miguu ya nyuma inalegea mpaka anajiburuza, na kipimo chenyewe ni kijiti cha pamba tu unamsugua nacho ndani ya shavu, mate yanatumwa maabara nje ya nchi, nami kwa kiherehere changu nikakubali, Kahawa akadhani ni chakula nusura akimeze kijiti. Majibu yakaja kwenye simu, kwamba Kahawa mwenyewe haumwi wala hatarajiwi kuumwa, ila amebeba nusu ya kasoro, na akipandwa na dume aliyebeba nusu kama yake, baadhi ya watoto wanaweza kuzaliwa nazo zote mbili na baadaye wakapooza.

Dada, niliona aibu. Nikamwambia mama yangu majibu ni mazuri, halafu mshenga wao, Mzee Mathayo, alipokuja kupanga siku ya mahari nikamvuta jikoni nikamwomba aniulizie kama Jemedari naye anaweza kupimwa huo ugonjwa wa kurithi, sikusema zaidi ya hapo. Nawe unamjua mshenga akipewa neno, aliliweka mbele ya kikao cha ukoo wao nyumbani kwa Mzee Wenceslaus, mashangazi wamekaa, wajomba wamekaa, akasimama, akakohoa, akasema, "Upande wa binti unaomba Jemedari apimwe kama ana ugonjwa wa ukoo." Lo! Shangazi yake Deogratias akaruka, "Wameshamaliza kutuchunguza sisi, sasa wamehamia kwa mbwa?" Mzee Wenceslaus hata hakufoka, alisema tu, "Jemedari hapimwi," akamshika mbwa wake ukosi, akaingia naye ndani, akafunga mlango, wageni wakaachwa na chai yao.

Sasa Deogratias anataka niombe radhi na mbwa wapandishwe tu, ananiambia, "Verdi, mbwa ni mbwa bwana," mama anasema ndoa kwanza mengine baadaye, na Kahawa ndiyo kwanza ameingia joto, mbwa dume wa mtaa mzima wamelala mlangoni kwetu. Ninyamaze yaishe, au nishikilie kipimo nikose mume? Nisaidie dada, hata kula sili.

Verdiana, Magomeni, Kilosa


Marahaba, mdogo wangu. Nimecheka mpaka chai imenipalia, halafu nimekasirika, kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Kumpima Kahawa ulifanya vizuri sana. Watu wakitaka kuzalisha mbwa wanaangalia masikio kama yamesimama na sauti kama inatisha, basi. Wewe umeuliza watoto watatembeaje wakikua. Kwa hilo usimwombe radhi mtu yeyote. Na huyo Deogratias mwambie ndiyo, mbwa ni mbwa, ila siku mtoto wa mbwa atakapojiburuza uani kwa watu wa Lumuma, yeye ndiye atakayekwenda kueleza.

Ila hebu niambie, nani alikutuma umpe mshenga habari za mbwa? Neno likishapita kwa mshenga ni neno la ukoo, hata ungemuulizia chumvi wangeiitia kikao! Na kubwa zaidi, unaomba mbwa wa wenzako apimwe huku majibu ya wako umeyakalia. Hiyo haikubaliki, Verdiana. Hao mashangazi nina hakika walishatuma mtu mpaka kwa bibi zako kuulizia kifafa, na hukununa, kwa sababu ndivyo tunavyooana. Lakini ulipofika ukweli wako, ukaufunika.

Halafu umemsoma vibaya mkwe wako. Mtu aliyetukanwa anafoka, anafukuza wageni, anamtuma mshenga arudishe maneno. Huyu amechukua mbwa wake wameingia ndani. Huyo mzee ameogopa. Anampenda Jemedari, ndiyo hivyo, na ugonjwa wenyewe ameusikia kwa mara ya kwanza mbele ya kadamnasi. Hakuna aliyemweleza kwamba mwenye nusu haumwi, na hata mwenye zote mbili si lazima augue.

Sasa fanya hivi. Kahawa mfungie ndani mpaka joto limwishe, na hao wanaolala mlangoni wamwagie maji, maana hao hawajapimwa chochote. Safari hii haendi kwa Jemedari, joto lingine litakuja. Mama yako mwambie ukweli leo hii, kabla hujaonja chakula chake. Jemedari akipimwa akakutwa hana kitu, waoane kwa amani. Akikutwa nayo, Kahawa atafutiwe dume mwingine aliyepimwa akawa safi, na Jemedari aendelee na nyani wake. Wewe na Deogratias mtaoana vyovyote vile, hamumo kwenye kile kijiti.

Kisha nenda Mikumi wewe mwenyewe, bila mshenga wala Deogratias. Msalimie mzee kwa adabu, ukae, na habari za Jemedari usizianze wewe. Sema, "Baba, Kahawa wangu alisuguliwa kijiti cha pamba shavuni akakutwa na nusu ya kasoro, mwenyewe haumwi, ila nyumbani nilidanganya kwa aibu." Ukimaliza hapo, nyamaza. Chai ikiletwa, kunywa. Usimwombe chochote mpaka kikombe kiishe. Mwache mwenyewe akuulize kama kile kijiti kinauma.