Nyangumi Wamemshinda Baba Yako

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Ghala la Barafu,
Bandarini.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mpwa wangu Cheche,

Salamu nyingi zikufikie huko ulikojichimbia. U mzima? Macho yanaendeleaje na ule mwanga wa kuchomelea? Miwani unaivaa, au bado unaining'iniza shingoni kama mkufu jinsi ulivyokuwa ukifanya hapa? Mama yako ameniagiza nikuulize pia kama unakula. Mimi ni mpishi, najua swali hilo watu hulijibu kwa "ndiyo" ya uongo, kwa hiyo niandikie unakula nini na nani anapika.

Sisi hatujambo. Goti la mama yako limetulia tangu wahamie nyumba ya chini wakaachana na zile ngazi. Mimi afya ninayo, tumbo limenitangulia kidogo, lakini mpishi aliyekonda nani atamwamini. Jikoni chomboni wameniwekea jiko jipya lenye vizuizi vya sufuria, na sasa mawimbi yakija mchuzi haunifuati tena mpaka mlangoni. Baba yako naye ni mzima, sauti bado ni ileile ya kuamsha mtaa.

Katika barua yako uliniuliza jambo moja tu la maana, ukalificha katikati ya habari za mvua na za mwenye nyumba wako. Likizo inakaribia, je, uje nyumbani au ubaki hukohuko? Unaogopa baba yako atakupa mgongo, kama siku ile alipokuambia mbele ya mabaharia wote kwamba yeye ni mvuvi, si mfuga kuku, na hivyo vizimba vyako vya chuma vya kutegea samaki uwapelekee wenye kuku. Nilichelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukudanganya. Sasa ninalo jibu, ila nitaliweka mwishoni, maana nakujua, ukilipata mapema barua yangu utaiacha hapohapo.

Msimu huu ulituanzia vibaya. Wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe, ambao chomboni hatuwataji ila kwa kuwaita wageni, wametuganda kuliko miaka yote. Kazi yetu unaijua. Mshipi ukiwa umelala kule chini na mamia ya ndoana zake, hakuna anayetusumbua. Ngoja winchi ianze kuvuta. Mlio wa winchi yetu wanaujua kama watoto wanavyoujua mlio wa mwiko kwenye sufuria. Wanajipanga ubavuni, na kila samaki anayepanda wanamchomoa kwa adabu kabisa, ndoana yenyewe hawaigusi. Kinachofika sitahani ni midomo. Siku moja tulivuta tangu asubuhi, tukapata midomo ya kujaza ndoo, na fundi mitambo akaja kuniuliza kama leo tunakula mchuzi wa midomo. Nilimnyima chai.

Baba yako alijaribu kila alilolijua. Alikataza watu wasiseme redioni. Alivuta mshipi polepole mpaka winchi ikawa inanong'ona. Alizima injini akakaa siku nzima akingoja wachoke waondoke, nao wakalala juu ya maji wakipumua kwa raha zao. Mwisho akaamua kufanya ule mchezo wa manahodha, ambao wote wanaufanya na hakuna anayekubali kwamba anaufanya, yaani kuwasindikiza wageni kwa jirani. Unakwenda nao mpaka penye mshipi wa mwenzako, unawaacha hapo, halafu unateleza zako kimyakimya ukavute wa kwako.

Ukungu ulikuwa mzito siku hiyo. Tulikwenda weee, wageni nyuma yetu, mpaka tukaona maboya ya njano. Njano ni rangi ya Masharubu, yule nahodha jirani unayemkumbuka kwa kukung'ata sikio kwa utani ulipokuwa mdogo. Baba yako akapunguza mwendo, wageni wakatulia. Akawapungia mkono kwa madaha.

"Msalimieni Masharubu," akasema, akageuza chombo.

Sasa sikia. Wiki iliyotangulia dhoruba ilikuwa imetuchukulia maboya yetu mekundu, na Masharubu kwa wema wake akatuazima ya kwake. Na aliyeyafunga kwenye mshipi wetu wa pili ni baba yako mwenyewe, kwa mikono yake, huku akimsifu Masharubu. Basi tukazunguka ukunguni tukitafuta maboya mekundu ambayo hayapo duniani. Mimi nilishaanza kuhisi. Nikamtazama fundi mitambo, naye akanitazama, kisha kila mmoja akapata kazi ya kufanya. Nani angemwambia? Shingo ya baba yako ikivimba unaijua.

Akagundua mwenyewe. Alikuwa katikati ya kumgombeza mshika usukani, mara akaiweka darubini chini.

"Yale maboya ni yetu," akasema polepole.

Hakuna aliyecheka, Cheche. Tulirudi, tukawakuta wageni palepale tulipowaacha, wametulia kama tulivyowaomba. Tukavuta midomo.

Nilimhurumia kweli. Alikuja jikoni akakalia pipa la unga, chakula hakukigusa, na uso wake nikauona umezeeka. Nilidhani ataniambia kwamba amechoka na bahari. Badala yake akauliza, bila kunitazama, kama yale mavyuma ya "mpwa wako" niliyatupa. Tangu mgombane wewe si mwanawe tena, ni mpwa wangu.

"Yako stoo," nikamjibu. "Nimeyajaza vitunguu."

"Vimwage."

Basi madema yako yote, vile vizimba alivyovitukana, yakatoka stoo, yakatiwa chambo, yakafungwa kwenye kamba na kushushwa kilindini. Kesho yake tukaenda kuyapandisha. Winchi ilipolia, wageni hao, mbio. Wakajipanga ubavuni kama kawaida yao. La kwanza likapita mbele ya macho yao na samaki ndani, wazima, wanarukaruka. Mmoja akalisukuma kwa pua, akalizunguka, akalisukuma tena. Kisha akatoa kichwa majini akatutazama sote kama mtu aliyefika harusini akakuta vyombo vinaoshwa.

Sitaki kutia chumvi. Madema hayakujaa yote. Mawili yalipanda matupu, na moja lilileta kaa mwenye hasira pamoja na kitunguu changu kilichosahaulika humo. Lakini waliopanda walipanda na mikia yao na vichwa vyao. Baba yako alimshika samaki wa kwanza, akamgeuza huku na huku kama hajawahi kumwona.

"Kichwa kipo," akasema, na mimi machozi yalinilenga, wala sioni haya kukuambia.

Tulipofika bandarini akaenda moja kwa moja kwa Masharubu kurudisha maboya, akamsimulia kisa chote yeye mwenyewe, mbele ya watu, wakacheka mpaka wakakohoa. Halafu nikasikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Madema kayatengeneza mwanangu." Hakusema mpwa wa mpishi.

Sasa tunahitaji mengine mengi. Fundi wa hapa bandarini ameiga yako, mazuri kwa macho, ila mlango wa kuingilia kaukosea, samaki wanaingia na kutoka kama wako sokoni. Tena moja la kwako limepasuka pete ya chuma pale lilipogonga ubavu wa chombo. Fundi alitaka kuliunga, baba yako akamnyang'anya, akalibeba begani mpaka nyumbani. Liko sebuleni, kati ya kabati na televisheni, linanuka chambo. Mama yako kila akipita linampiga kwenye lile goti zima. Amemuuliza litatoka lini, akajibiwa kwamba halitoki mpaka mwenyewe aje.

Mama yako anakusalimu sana na anakuomba uje haraka, kwa ajili yako na kwa ajili ya goti. Fundi mitambo anakusalimu, chai nimemrudishia. Masharubu anasema masikio yako uyalinde.

Baba yako hakutuma salamu. Ila sasa hivi amechungulia hapa mlangoni, akaniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Alisimama akijifanya anakagua bawaba ya mlango. Nilimwona amepata neno, likampotea, akalipata tena.

"Mwambie aje na miwani yake," akasema. "Aivae."

Hilo ndilo jibu lako. Mungu akulinde njiani, akufikishe salama.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko jiko langu jipya,

Mpishi