Koti ya Blu Uliyoninyima

Makori, rafiki yangu, mwizi wangu,

Kwanza nikwambie, watu wote hapa Kiptere wanasema hii hadithi vibaya. Wote. Wakikaa kwa hoteli na chai yao wanasema ati mimi nilikosa kuoa Chelangat sababu ya mdomo yangu. Wanasema ati baadaye nikakusamehe, na siku ya kukuzika nikalia kama mtoto, nikakuvalisha ile koti yako ya blu na mikono yangu mwenyewe kwa upendo. Upendo! Walikuwa huko ndani? Mlango ilikuwa imefungwa. Tulikuwa watatu tu: mimi, wewe umelala, na mzee wa kanisa ambaye macho yake imeingia wingu, hata akikushika mkono anauliza kama wewe ni mwanaume ama mwanamke. Kwa hivyo hadithi ni yangu. Wasikize mimi.

Na hii barua nimeandika mwenyewe. Usicheke. Nimeingia ngumbaru, mimi na mvi zangu, na mwalimu anasema hajawahi kuona mzee anashika maneno haraka kama mimi. Pia anasema mwandiko yangu ni kama kuku inatafuta mchwa, lakini hiyo ni wivu.

Habari ya huku ni mbaya, Makori. Tangu uende watu wameharibika na nguo. Vijana wa factory ya chai wanavaa longi mguu yake pana kama kengele, inafagia njia. Juzi nimeona mmoja kanisani, shati ya kijani, tai nyekundu, soksi ya manjano. Nikasema, huyu ameiba nguo za watu watatu na mvua ikamnyeshea. Ungekuwa hapo ungeugua. Na nyapara wetu wa zamani, yule wa tumbo, amerudia kuvaa koti ya vifungo safu mbili. Wewe ulimkataza. Nakumbuka ulimwambia mbele ya watu, "Nyapara, wewe uko na ngoma tayari, usiifunge na kamba. Vaa safu moja, iachie shingo wazi, watu waangalie uso." Alikasirika siku mbili, kisha akavaa vile umesema, na akaonekana kama mtu wa serikali. Sasa amerudi kuwa ngoma.

Hakuna mtu wa kuuliza tena. Hiyo ndiyo imebadilika.

Wewe Mkisii ulikuja hapa kuchuna majani chai ukiwa na shati moja, lakini hiyo shati ilikuwa inakukaa. Watu wakaanza kukuuliza. Na kwa vile kambi yote haikuwa na kioo isipokuwa ile kidogo ya kunyolea, wewe ukatengeneza kioo yako. Jumapili baada ya kanisa unasimamisha mtu pale mwisho wa laini ya nyumba zetu, mgongo kwa majani chai, sisi wengine tunakaa kwa nyasi tunaangalia. Unamwekea kitambaa kwa bega. Tukinyamaza, unaitoa. Tukisema "Eee!" unasema, "Nenda ushone."

Mke wa mpishi uliambia avae manjano, hakuna mtu alikuwa amefikiria. Akawa kama jua imetokea kwa jikoni. Mtu mfupi ulimkataza miraba mikubwa. Mtu wa uso pana ulimpa kofia ya ukingo pana. Na mimi ulikuwa unaniambia, "Chorwenyun, wewe ni mrefu na shingo yako haina mwisho. Funga kola mpaka juu, usiwatishe watoto." Ulikuwa unaniita hivyo kwa Kipsigis yangu, rafiki yangu, na ulimi yako ya Kisii ikivunja hiyo neno katikati. Nilikuwa napenda. Nilikuamini, Makori. Mimi siamini hata daktari.

Sasa nifike kwa Chelangat.

Hiyo ilikuwa mwaka ya pili baada ya uhuru. Mimi mke wangu wa kwanza alikuwa ameshakufa, watoto wamekua, nalala na paka. Wewe hukuwa umeoa na ndevu zako zilikuwa zimeanza kuwa mbili mbili, nyeusi na nyeupe. Chelangat akatoka kwao huko Mulot akakuja kutembelea shangazi yake kwa kambi. Si msichana mdogo. Alikuwa amekaa kwao akilea wadogo zake baada ya mama kufa. Siku ya kwanza tu akacheka hadithi yangu ya chui na mwavuli. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikasema, huyu ni wangu. Nikakuambia wewe peke yako. Na wewe ukasema, "Vizuri sana, chorwenyun."

Akarudi kwao. Akatuacha na neno kwamba kanisa yao iko na harambee ya mabati, tukuje. Mimi nikasema nitaenda na suti mpya. Ya blu. Nilikuwa nimeiota hiyo blu. Wewe ulikuwa unaenda Kericho kwa duka ya vitambaa, nikakupa pesa, nikakupa na kamba yangu ya mkonge yenye mafundo: fundo ya mkono, fundo ya mgongo, fundo mbili kwa mguu, maana mimi kusoma futi nilikuwa sijui. Hiyo kamba nilifunga mwenyewe, na fundo yangu inajulikana, naimaliza na mkia ya pembeni kama vile tunafunga ndama.

Ukarudi jioni na blu yako kwa kwapa, na kwa mkono ingine brauni. Brauni ile inaenda kwa wekundu. Ukasema blu imeisha dukani, umepata ya mtu mmoja tu. Nikauliza, sasa mbona huyo mtu ni wewe? Ukasema, "Wewe ni mweusi sana kwa blu. Blu itakumeza. Kuja nikuonyeshe."

Ukanisimamisha kwa majani. Mgongo kwa kijani. Ukaniwekea ile brauni kwa bega, na Makori, niliwaka. Kambi yote walisema "Eee!" Hata nyapara. Nilikuwa kama moto ndani ya shamba. Kamba yangu sikuikumbuka tena. Fundi wa hapa Kiptere akanipima upya. Nikashona koti, longi, na nikatafuta kofia ya rangi hiyo hiyo, ili niwake mpaka kichwa.

Sisi watu wa majani chai hatuna akili, unajua? Tunazaliwa kwa kijani, tunafanya kazi kwa kijani, tunafikiri Mungu alipaka dunia yote hivyo. Mimi nilikuwa nimeambia watu nimefika Narok mara nyingi, lakini Bomet, kabla hata ya kufika Mulot, ndiyo ilikuwa mwisho wangu. Wewe ulikuwa umeswaga ng'ombe ya matajiri Mulot kabla ukuje kwa chai. Ulijua ile vumbi. Ulijua rangi yake.

Tukapanda lori, tukashuka Mulot na jua ya kiangazi. Hakuna jani. Ngano imeshakatwa, ng'ombe zinapita, na chini kote, mpaka mahali macho inafika, ni koti yangu. Udongo ya kule na mimi tulikuwa tumekatwa kwa kitambaa moja. Na wewe umesimama hapo na blu yako kama kipande ya mbingu imeanguka.

Chelangat akatoka kwa waimbaji, akakuja moja kwa moja. Akakushika mkono. Akasema, "Karibu Makori! Na yule wa chui ako wapi, hakukuja?"

Nikasema, "Niko hapa."

Akaruka. Akasema, "Uui! Nilidhani ni kichuguu!"

Kanisa yote ikacheka. Wewe ulicheka pia, nilikuangalia. Na kutoka hiyo siku, Makori, mimi mtu wa hadithi, mimi mwenye sauti yake inasikika kutoka factory mpaka mtoni, jina yangu ikawa Kichuguu. Watoto wangu wakaitwa watoto wa Kichuguu. Hata bibi niliyeoa baadaye, mwanamke mzuri wa heshima, kwa duka wanamuita mama Kichuguu. Kwa harusi yako na Chelangat, baba yake alisimama akasema, "Ni Mkisii, lakini anavaa kama mtu," na mimi nilikuwa nimekaa nyuma natafuna nyama.

Nikasema basi. Blu iliisha dukani. Bahati ni bahati. Tukaendelea kuwa marafiki, tukazeeka, mashamba yetu ikapakana. Ulikuwa unaniletea ndizi za kwenu. Nilikuwa nakuletea mursik, maziwa yetu ya mgando, unakunja uso na unamaliza. Kifua ilipokushika mimi ndiye nilikuwa nakugeuza kitandani.

Halafu ukakufa, na Chelangat akaniita. Akasema, "Kuja umchagulie nguo. Yeye alikuwa anachagulia watu wote. Wewe ndiye alikuwa anakusikiza."

Nikaingia. Akafungua sanduku. Juu, ile koti yako ya blu, imepigwa pasi, imezeeka vizuri kama wewe. Nikatoa. Chini mashati. Chini kabisa, ndani ya gazeti, kitambaa ya blu. Nzima. Haijakatwa. Nondo zimeonja pembe moja tu. Na imefungwa na kamba ya mkonge, fundo ya mkono, fundo ya mgongo, fundo mbili ya mguu, na mkia ya pembeni.

Nilihesabu mafundo na kidole, mara mbili.

Chelangat akasema, "Hiyo sijui ni ya nani. Nilitaka kuwashonea watoto nayo, akanikataza. Kila mwaka ananiambia, usiguse, hiyo iko na mwenyewe."

Mwenyewe! Ulijua jina ya mwenyewe! Mwenyewe alikuwa anapita hapo kwa mlango kila asubuhi na chupa ya maziwa! Kwa nini hukunipa? Hata ukiwa mgonjwa, hata usiku ile uliniomba maji, si ungesema tu, "Kichuguu, angalia ndani ya sanduku." Ningekutukana mpaka asubuhi, halafu ningekuletea maji. Sasa nimtukane nani?

Na Chelangat, maskini, hajui, akaichukua akaiweka hapa kwa bega yangu, kuona tu. Akaangalia. Akasema pole pole, "Kumbe blu ndiyo rangi yako."

Nilikaa chini kwa kitanda.

Baadaye nilimuuliza, kwa mzaha, ni koti gani ilimfanya akuchague wewe. Akaniangalia kama mtu mjinga. Akasema, "Makori aliniuliza jina ya wadogo zangu. Wewe uliniambia habari ya chui." Hiyo nimeacha pembeni. Sijaamini. Kama ni hivyo, basi uliiba bure, na hiyo ni mbaya zaidi.

Sasa sikiza nilichofanya. Nilienda nyumbani, nikatoa ile koti yangu ya brauni. Niko nayo, imekuwa ya kuvaa nikienda kulisha ng'ombe. Nikarudi, nikafunga mlango, mzee wa kanisa akaomba akiangalia ukuta, na mimi nikakuvalisha. Kifungo mpaka juu. Nikasema, lala hapo, chorwenyun. Udongo ya brauni, koti ya brauni. Siku ile parapanda italia na watu wote wakiamka, malaika watapita juu yako mara mbili wakisema, "Huyu Mkisii ako wapi?" na wewe utapiga kelele, "Niko hapa!" na watasema, "Uui, tulidhani ni kichuguu." Halafu mvua yetu ya mchana ikaanza, wakapigilia jeneza misumari kabla ya watu kuangalia, na hiyo ndiyo sababu Kiptere hawajui. Nimewaambia. Wanakataa. Wanasema Kichuguu ana roho nzuri. Wananitukana.

Kitambaa yangu nimepeleka kwa fundi. Kamba haifiki tena, Makori. Mkono bado, lakini tumbo imepita fundo yote. Fundi ameongeza upande na kitambaa ingine, ndani, mahali haionekani. Ningekuwa na wewe ungejua kama nifunge kola ama niachie. Ikiisha nitaivaa, nitakuja hapo kwa kaburi yako, na kwa vile umelala mwisho wa majani, nitasimama mgongo kwa kijani, nikuonyeshe vile blu inafanyia mtu mweusi. Hutasema "Eee," lakini utaona. Nakuahidi nitakuja kila mwaka mpaka iishe mikono, na shamba yako na Chelangat nitaangalia, si kwa ajili yako.

Saisere, kwaheri, Makori. Lala na aibu yako.

Bado kitu moja, na hii sitasomea watu wa hoteli. Ile habari ya kukuvalisha brauni nimeongeza chumvi. Niliileta, hiyo ni kweli, niliiweka kwa kifua yako, na ulikaa vibaya. Ulikaa vibaya sana, rangi ya uso yako yote ilipotea. Nikashindwa. Si kukusamehe, usijidanganye. Ni vile mimi siwezi kumvalisha mtu rangi ya kumpoteza nikijua, hiyo ilikuwa kazi yako. Kwa hivyo uko na koti yako ya blu, na wewe unajua, maana ndiyo umevaa. Usiambie mtu.