Si Mwanachama Hai

Missouri City, Texas
17 Novemba 2019

Kwako dada yangu mpendwa Flaviana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Moshi, wewe, shemeji Isack na watoto. Goti la mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, kazi ya kuhudumia wazee inanivunja mgongo tu.

Uliniuliza uchaguzi wa chama chetu cha Watanzania uliishaje. Kiongozi wetu tunamwita gavana, basi tu, maana tuko Texas na ukubwa tunaupenda. Gavana wa zamani alihama, kiti kikabaki wazi, na Elibariki wa Plano, mdogo wake shemeji, akakitaka kuliko chakula. Ulinisihi nimsaidie. Ameshindwa, dada. Mpinzani wake, Apolonia, amempita kwa kura kumi na moja.

Sasa nikwambie nisichowahi kukwambia. Baba alipofariki mwaka juzi, nikakwama huku kwa sababu ya makaratasi, nilimpigia Elibariki, wakati huo katibu mkuu, atangaze msiba watu waje kukaa nami. Akanijibu kwamba nimekosa vikao vitatu, kwa hiyo mimi si mwanachama hai, na msiba wa asiye hai hautangazwi. Hivi kweli! Baba amekufa, mimi si hai, nani basi angemlilia? Nilipanga viti kumi na viwili sebuleni. Alikuja Nawal peke yake, jirani yangu Mzanzibari, na chupa ya chai.

Tangu hapo sikukosa kikao hata kimoja. Nikamchekea kila mtu mpaka wakanipa ukatibu wa tawi letu la Houston. Elibariki alipotaka kura akaanza kuniita dada, akasema yaliyopita si ndwele. Nikamjibu tugange yajayo.

Ngome yake huku ilikuwa kitongoji cha Katy, kando ya Houston, watu thelathini na wawili, wote wa kwetu Moshi. Mwezi wa tisa likaja tangazo kwamba kila mpiga kura ahakiki jina lake, la sivyo linafutwa. Matangazo ya Houston yote hupitia kwangu. Wengine niliwatumia. Wa Katy sikuwatumia. Ndiyo, ni mimi. Siku ya kura walifika wamependeza, kina mama na sare za vitenge, wakaambiwa mlangoni kwamba wao si wanachama hai. Elibariki alinipigia analia, analaumu mtandao. Nikampa pole, nikakata simu, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Usinihubirie. Najua ni dhambi, nitaitubu nikishaichoka. Ila kisasi asichokijua mlipizwa ni nusu kisasi. Kwa hiyo barua hii usiifiche: msomee shemeji Isack neno kwa neno, naye ampigie mdogo wake amweleze ni nani aliyemnyima kiti, na kwa ajili ya nani.

Nisalimie mama, na majirani wote waliomzika baba. Mwambieni Elibariki namba yangu ni ile ile, na safari hii sitamkatia simu.

Mdogo wako akupendaye,
Theodora