Lusi, au Masika

Butembo

Kwako Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa,

Kwanza nipe habari za kifua chako, na Mama je, miguu bado inamvimba? Sisi huku ni wazima, mimi, mke wangu Pelajia na mtoto. Ila nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira yenyewe inahusu jina uliloniomba.

Najua unavyolingoja. Mungu hakukujalia mtoto, ukaniomba binti yangu wa kwanza aitwe Lusi, kama wale wa riwaya za zamani ulizokuwa ukinisomea tukimenya mihogo kwetu kule Kasongo. Nikakuahidi. Kumbe kwa Wanande, kabila la mke wangu, binti wa kwanza ni Masika, basi, haulizwi mtu! Kabla sijafika kumwona, mama-mkwe alishamtangaza: "Masika amefika!" Ukiita Masika sokoni hapa, nusu ya wanawake wanageuka.

Nilipigana, Yaya. Aliyemwita Masika mbele yangu, nilijifanya sisikii. Pelajia nilimsimulia habari za Lusi, naye akauliza, "Donc, huyu Lusi wa bitabu anafanyaka kazi gani?" Nikamwambia ukweli. Kila Lusi niliyemkumbuka alikaa dirishani, akapauka, akampenda mtu asiyefaa. Pelajia alicheka mpaka mtoto akaamka.

Wiki jana tulikuwa tunarudi kutoka Beni kwa lori, pamoja na mama-mkwe. Waasi wameondoka, sasa barabara ni ya wanajeshi wa serikali, na kwao mtu yeyote wa kwetu Maniema ni mwasi. Kwenye kizuizi walisoma karatasi yangu, wakaona Kasongo, wakanishusha. Nikajitetea kwamba mimi ni mwalimu, nimeoa hapa, na mtoto wangu ndiye yule. Askari mmoja akauliza kwa Kilingala chake, "Mwana oyo, kombo na ye nani?" Alitaka jina la mtoto. Pelajia akasema Masika. Na mimi, kwa ukaidi wangu, papo hapo nikasema Lusi.

"Mutoto moja, majina mbili?" Akakoki bunduki. "Hii hapana mutoto yako. Ulimukopa kwa batu."

Mama-mkwe aliteremka upesi. "Shefu, huyu ni mutoto wetu wa kwanza mwanamuke. Ni Masika. Uliza batu bote ba hii lori."

Lori zima likaitikia. Askari akanigeukia. "Na weye?"

Nikasema Masika, wakaniacha nipande lori.

Nilinuna njia nzima. Tulipopita Kalunguta, mama-mkwe akaniambia, "Mwalimu, Lusi ni jina muzuri, padri ataipenda. Lakini Masika, hapana sisi tulimupa. Alizaliwa nayo." Yaani miezi yote hii hakuna aliyelikataa jina lako! Mimi ndiye niliyekuwa nikikataa lao, na nusura niuawe kwa hilo. Linanikera mpaka leo.

Nisalimie mjomba wetu fundi cherehani na shangazi anayekupikia. Mama mwambie mjukuu wake anabatizwa Jumapili, Masika Lusi. Ndiyo, la kwako linakuja nyuma. Ukitaka kukasirika, kasirika, Yaya. Mimi nimeshindwa na watu ambao hata hawakujua kwamba tunapigana.

Ndimi mdogo wako,
Fransisko