Shali Ndani ya Bomba la Hewa

Gimli, Februari

Mdogo wangu Thora,

Sisi wazima, na ile keki yako ya plamu tumeila mpaka makombo. Ziwa limeganda. Bjarni anavua samaki kwenye tundu la barafu, kisha ananiletea uongo badala ya samaki.

Wiki jana mume wangu huyo alianguka jikoni. Nilidhani ni pombe, nikamburuta nje kwenye theluji azinduke. Kumbe ndiyo pona yake.

Fundi alishuka chumba cha chini, kule ulikolala Krismasi, akakagua tanuri la gesi linalotupasha joto. Kwenye bomba la kuingiza hewa akachomoa kitambaa.

"Mama, moto nao unapumua. Ukiunyima hewa ya nje, unatema sumu ndani. Nani kaziba hapa?"

"Panya," nikasema.

"Panya wenu wanavaa shali?"

Basi ile shali yako ya buluu uliyoitafuta sana imepatikana. Nimeifua, imo kwenye kifurushi hiki. Krismasi ijayo njoo bila kukosa. Najua kule chini kuna baridi. Safari hii utalala juu, karibu nasi.

Dada yako,
Sigrun