Segutiet ya Kufunga Mkononi

Kwa mjukuu wangu mpendwa Chebet,

Pokea salamu zetu kutoka Kiptere. Goti la kogo, nyanya yako, limepona, naye amerudi kuchuma majani chai. Umeniuliza, kwa wasiwasi, segutiet, ile nyasi ya mwituni ya kufungwa mikononi siku ya harusi yako, itapatikana wapi ilhali chai imefunika kila shamba.

Mimi nilipooa, nilikuwa nimehitimu chuo cha kilimo majuzi tu. Nilijitolea kuleta mwenyewe nyasi ya kufungana mikononi, na kwa kutaka kuwapendeza wakwe, nilileta fungu la nyasi ya malisho iliyoboreshwa, tuliyoipanda chuoni. Nikaanza kuwaeleza wazee sifa zake.

Baba wa bibi harusi alinikatiza. “Kijana, unaoa ama unalisha ng’ombe?”

Hakuna aliyecheka. Bila segutiet tusingefungwa, na wazee wawili walikuwa wameshainuka waondoke. Nilihisi ndoa yangu imeisha kabla ya kuanza.

Ndipo kogo wako, akiwa katika mavazi yake ya harusi, akaenda hadi kwenye lango la ng’ombe, akainama, akang’oa nyuzi chache za nyasi zilizokanyagwa.

“Hii hapa,” akasema. “Mwalimu wetu wa nyasi ameipita akiingia.”

Baba yake alicheka hadi akaketi tena, na wale wawili wakaketi pia. Sijawahi kufurahia kuchekwa namna ile.

Jana asubuhi nilikagua lango letu, safari hii nikiangalia chini. Segutiet ipo, Chebet. Wewe leta mkono tu.

Ni mimi kugo, babu yako,
Arap Rono